Shingo Zilizofunikwa

Wewe uliiona ile shingo. Usijifanye hukuiona. Ulikuwa nyuma yake kwenye foleni ya benki, au umekaa kiti cha jirani ndani ya basi, mtandio ukamteleza, zikaonekana: alama nne nyeusi kuliko ngozi yake, ndefu kama vidole, zimeanzia chini ya sikio zikateremka kuelekea begani. Na harufu yake uliisikia, maana ilikuwa nzuri. Ndimu kwanza, kali na safi. Nyuma yake asumini. Chini kabisa kitu cha joto na kikavu, kama kabati la mbao ukilifungua baada ya muda mrefu. Ukavuta pumzi, ukafaidi. Kisha ukageukia dirishani. Mambo ya mtu na mumewe hayo, ukajisemea. Ukashuka kituo chako, ukala, ukalala.

Sasa mwanamke yule amekufa, na gazeti limeandika kwamba mumewe amemkaba. Ukatikisa kichwa, ukasema, "Mimi nilijua." Hukujua kitu. Ndivyo ulivyojua pia kuhusu wale dada wa kiwanda cha rangi waliokuwa na kucha za buluu. Ulisema ni wachafu. Ndivyo ulivyojua kuhusu wabeba saruji waliokohoa mpaka wakaisha. Ulisema ni sigara. Kila mara uliona, na kila mara ulikuwa na maelezo yako tayari mfukoni. Sisi tunakumbuka, hata kama wewe umesahau.

Basi kaa hapa usome. Safari hii usigeuke.

*

"Faili linakwenda kwa mwendesha mashtaka leo alasiri," alisema mkuu wa kituo. "Kesho asubuhi mume anasimama mbele ya hakimu kwa kosa la kuua. Ninachotaka kwako, Sindano, ni ukurasa wa mwisho. Sikuagiza kitabu kipya."

Sajini wa upelelezi hakukaa. Wenzake walimpa mwanamke huyu jina la Sindano kwa sababu ya mwili wake mdogo na tabia yake ya kupenya mahali ambapo wengine walikuwa wameshafunga. Aliweka picha moja juu ya meza ya mkuu. Ilikuwa ya shingo ya marehemu, upande wa kushoto.

"Afande, nihesabie vidole."

"Vinne. Kila mtu ameviona."

"Gumba kiko wapi?"

Mkuu aliisogeza picha karibu na macho, akaisogeza mbali.

"Upande wa pili wa shingo ni mweupe, yaani hauna kitu," Sindano alisema. "Mbele hakuna kitu. Anayekaba mtu hushika kwa vinne na gumba. Bila gumba mkono haufungi. Hata wewe ukijaribu kushika chupa utaiangusha."

"Kuna watu wana vidole vinne."

"Huyu anavyo vitano. Nimemwona akishika kikombe."

Mkuu alikunja uso, wala hakucheka. Akaanza kuyarudia yaliyomo ndani ya faili, polepole, kama mtu anayemhesabia chenji mteja mbishi. Daktari amesema mwanamke alikufa kwa kukosa hewa. Shingo ina alama za vidole. Jirani alisikia ugomvi siku moja kabla, alimsikia mume akiuliza kwa sauti, "Mkono wa nani huo?" Mwili uliokotwa ndani ya jengo lisiloezekwa, karibu na nyumba yao. Na kichwani, chini ya mtandio, marehemu alikuwa amevaa kofia ya kuogea.

"Alikuwa ametoka kuoga," mkuu alimaliza. "Yaani alikuwa nyumbani. Amekabwa nyumbani, akafungwa mtandio, akabebwa gizani. Unataka nini zaidi?"

"Nataka kujua mtu anayemkaba mkewe kwa mkono wake anauliza vipi mkono ni wa nani."

"Alasiri, Sindano," mkuu alisema. "Faili halitakusubiri."

*

Mume walimwita Fundi Makochi, hata pale mahabusu. Mikono yake ilikuwa na gundi iliyokauka pembeni mwa kucha na vidonda vidogo vya misumari. Alikuwa amekaa sakafuni, mgongo ukutani, kama kochi lililotolewa sponji.

"Alama za shingoni ulianza kuziona lini?" Sindano aliuliza kupitia nondo.

"Nilishawaambia wenzako. Zilikuwepo zamani."

"Niambie mimi sasa."

"Wiki nyingi. Zikififia, zinakuja nyingine. Palepale." Alijigusa chini ya sikio la kushoto. "Dada yangu, mimi nimeoa. Najua mkono wa mtu nikiuona. Nikamuuliza mkono wa nani huo, akasema ni za kazini, niachie, utanifukuzisha kazi. Nikajua kuna mwanaume huko kazini."

"Ukampiga?"

"Nilipiga mlango. Mlango uko pale, kauone. Asubuhi yake akaenda kazini bila kuniaga. Hakurudi."

"Hakurudi kabisa? Hata kuoga?"

Alimtazama kama mtu aliyetukanwa kwa lugha asiyoielewa. "Aoge wapi? Nimekwambia hakurudi."

Nje, kwenye benchi la ukutani, alikuwa amekaa mama mzazi wa marehemu. Alikuja kila siku kusikia kama mkwewe ameshashtakiwa. Alikuwa na chupa ndogo ya maji aliyoishika kwa mikono miwili bila kuinywa. Sindano alikaa pembeni yake.

"Pole, mama."

"Pole yangu ni kumwona kizimbani."

"Zile alama shingoni kwa mwanao. Ulikuwa umeziona?"

"Niliziona alipokuja kunisuka. Tangu jua kali lilipoanza. Nikasema moyoni, ameanza kumpiga. Nikanyamaza. Nilisema nikiuliza, nitamwaibisha." Chupa ililia ndani ya mikono yake. "Na yeye akanyamaza. Tukasukana nywele, tukazungumzia mvua."

"Zilikuwa hivyohivyo? Nyeusi?"

"Mwanzo nyekundu. Zikatoa malengelenge, kama mtu aliyemwagiwa maji ya moto. Zilipokauka ndiyo zikawa nyeusi."

Sindano aliinuka polepole. "Mama, mkono wa mtu hautoi malengelenge."

"Unasema nini?"

"Bado sijajua nasema nini. Usiondoke hapa."

Alipiga simu chumba cha maiti akiwa bado kwenye ngazi. Daktari alipokea akiwa na sauti ya mtu aliyeshikwa katikati ya kazi, na ndivyo alivyokuwa.

"Daktari, ile ngozi yenye alama. Uliichana?"

"Ya nini? Mliniletea mwanamke aliyekabwa, mkaniambia amekabwa, nikakuta amekosa hewa. Nina maiti wengi kuliko meza."

"Ichane leo. Angalia chini yake. Kama ni mkono uliominya, kutakuwa na damu iliyovia ndani ya nyama. Si ndiyo?"

"Ndiyo," daktari alisema, na sauti yake ilikuwa imebadilika. "Nitakupigia."

Kutoka chumba cha vielelezo Sindano alichukua mifuko miwili. Mmoja ulikuwa na gauni la kazi la marehemu. Alilinusa. Ndimu haikuwepo tena, maua hayakuwepo; ulibaki mti tu, msandali, mzito na wa joto. Magotini palikuwa na madoa ya hudhurungi, na alipoyagusa juu ya mfuko, nguo ilinata. Mfuko wa pili ulikuwa na ile kofia ya kuogea ya nailoni nyembamba, yenye lastiki. Aliitia kwenye pochi yake, akaomba gari.

*

Harufu ya kiwanda ilimpokea kabla ya geti. Marashi yaliitwa Malkia wa Bustani, na bango lake juu ya ukuta lilionyesha mwanamke mwenye shingo ndefu, laini, isiyo na alama hata moja.

Mlango wa chumba cha kujazia ulipofunguliwa, Sindano alisimama kizingitini. Wanawake walikuwa wameinama pande zote mbili za meza ndefu, wakijaza vichupa kwa bomba jembamba, wakifuta midomo ya vichupa kwa kitambaa, wakikaza vifuniko. Vichwani, kila mmoja alikuwa amevaa kofia ya nailoni nyembamba yenye lastiki. Na shingoni, ndani ya joto lile, kila mmoja alikuwa amejifunga mtandio wa rangi ya zambarau, wote wa kitambaa kimoja.

Alitia mkono kwenye pochi, akaigusa ile kofia, akaiacha humohumo.

"Karibu, karibu," alisema Mkurugenzi nyuma yake. Alikuwa mtu mtaratibu, mwenye kanzu nyeupe ya maabara iliyopigwa pasi mpaka mikononi. "Tumempoteza dada yetu. Mwembamba, tulimwita hapa, kwa upendo. Tumechangia jeneza."

"Siku ya mwisho alitoka saa ngapi?"

"Alitoka na wenzake. Getini alipekuliwa kama wote. Yaliyompata huko nyumbani kwake, sisi ni nani?"

"Hizi kofia wanavaa kwa nini?"

"Unywele ukidondoka kwenye marashi, ni hasara. Wakitoka wanazitupa kwenye pipa pale, kila siku mpya. Usafi kwetu ni ibada."

"Na mitandio?"

"Zawadi ya kampuni." Alitabasamu. "Wanawake wanapenda vitu vizuri."

Sindano alimwomba amwachie chumba. Mkurugenzi alisema angebaki karibu, kama kutahitajika maelezo ya kitaalamu, akaenda kusimama nyuma ya kioo cha ofisi yake, ambapo angeweza kuona midomo bila kusikia maneno.

Alianza na mwanamke wa kwanza upande wa dirisha.

"Dada, naomba nione shingo."

Mwanamke alitazama kioo cha ofisi. Akalegeza mtandio kidogo. Alama nne, kushoto, chini ya sikio.

"Zimetoka wapi?"

"Mume wangu," alisema haraka.

Wa pili alilegeza mtandio kabla hajaombwa. Alama nne, kushoto.

"Mume wangu."

Wa tatu alikuwa mtu mzima zaidi, macho chini kwenye kichupa. Alama zake zilikuwa mpya, bado nyekundu, na moja ilikuwa na lengelenge.

"Na wewe?"

"Mume wangu."

Upande wa pili wa meza mtu aliguna. Alikuwa mwanamke mnene, mwenye mikono iliyojaza vichupa bila yeye kuvitazama. "Muogope Mungu," alimwambia yule wa tatu. "Mume wako tulimzika. Ametoka kaburini kuja kukukaba, halafu akarudi kwa wakati?"

Kicheko kilikimbia mezani kama maji yaliyomwagika, kikakauka palepale kila mtu alipokumbuka kioo.

"Wewe unaitwa nani?" Sindano aliuliza.

"Mama Pacha."

"Mama Pacha, waume wote wa chumba hiki hawana kidole gumba?"

Sindano alivuta stuli, akakaa, akaongea kwa sauti ya chini ambayo ilibidi wote waache kazi kuisikia.

"Yuko mwanaume mmoja mahabusu. Anatengeneza makochi. Kesho asubuhi anasimama kwa hakimu kwa sababu mkewe alikutwa na alama kama hizi. Mkiendelea kuniambia mume wangu, mume wangu, mtakuwa mmemfunga ninyi. Na mama mkwe wake atakufa akiamini kwamba alimwacha mwanawe apigwe. Sitaki majina ya waume. Nataka kujua mkono."

Mama Pacha aliweka kichupa chini. Akafuta vidole vinne vya mkono wa kulia kwenye kitambaa, akaviona bado vimelowa, akavipeleka bila kufikiri upande wa kushoto wa shingo yake, chini ya sikio, akaviburuta kuelekea begani.

"Ndiyo huo mkono," alisema. "Tunaita kusaini. Kazi ikikatika, mchana au jioni, matone yanabaki vidoleni. Getini wanapekua mifuko, wanapekua matiti, wanatuambia tupige chafya, kichupa kilichofichwa kidondoke. Lakini harufu hawaipekui. Basi mtu anasaini, anakwenda zake. Unapita mtaani unanukia kama mke wa waziri. Ni hicho tu tulichokuwa tunatoka nacho hapa."

"Mmeanza lini?"

"Kusaini tulikuta kunafanywa. Kuungua ndiyo kumeanza juzijuzi."

"Ikiungua, mnasikiaje?"

Yule mjane alijibu safari hii, macho bado chini. "Ukiwa ndani husikii kitu. Tunakula pale nje, ukutani, maana ndani ni marufuku. Jua likikupiga, hata ukilegeza mtandio kidogo tu, jioni unawaka. Asubuhi una malengelenge. Jua lisipokupiga, huna kitu."

"Na hamkuacha?"

"Tulidhani ni sabuni," mmoja alisema.

"Mimi nilidhani ni uchawi," mwingine alisema.

"Mimi nilidhani ni mimi peke yangu," alisema mjane. "Nikajifunika. Halafu siku moja Mkurugenzi akaja na mitandio, akasema kila mtu avae, asubuhi mpaka jioni, ni sare mpya. Tukampigia makofi."

Sindano aligeuka akatazama kioo cha ofisi. Mkurugenzi alikuwa ameondoka pale.

*

Mchanganyaji wa marashi alikuwa mwanaume mrefu mwenye pua nyekundu kwa kuipangusa sana. Alikuwa kwenye chumba cha nyuma, kati ya madebe ya mafuta, na alianza kujitetea kabla hajaulizwa.

"Kila marashi huishia mti," mchanganyaji alisema, Sindano alipomwonyesha gauni ndani ya mfuko. "Ndimu inatangulia kuondoka, maua yanafuata, msandali unabaki. Ukinusa nguo ya mtu yeyote humu baada ya siku kadhaa utasikia hivyohivyo. Hiyo si ushahidi."

"Sawa. Na marashi yaliyo tayari yananata?"

Alijitia kupanga madebe.

"Nimeuliza kama yananata. Nimejipulizia pale mezani, yamekauka, hakuna doa. Hapa magotini pananata kama gundi."

"Ni masimbi," alisema mwishowe. "Yale mazito ya msandali na utomvu yanayotulia chini ya tangi."

"Kwa hiyo alipiga magoti ndani ya tangi."

Aliangalia mlango. Nyuma yake tangi lilisimama mpaka karibu na dari, la chuma kinachong'aa, na juu yake tundu ambalo mtu mnene asingelipita. Pembeni kulikuwa na mitungi ya gesi.

"Ndimu mlibadilisha?" Sindano aliuliza, kama mtu anayebadilisha mazungumzo.

"Zamani tulinunua mafuta ya ndimu yaliyovukizwa kwa mvuke. Sasa tunanunua ya kukamua ganda. Yana harufu kali zaidi, na ni rahisi kupatikana. Lakini hayo yakikaa kwenye ngozi halafu jua likapiga..." Alifungua viganja. "Nilimwambia. Kitaalamu inajulikana. Akasema wateja wetu wanajipulizia nguo, na wafanyakazi hawaruhusiwi kujipaka."

"Akanunua mitandio."

"Akanunua mitandio."

"Na mitungi hii ni ya nini?"

"Gesi ya kutoa hewa ndani ya tangi, marashi yasichachuke. Haina rangi. Haina harufu."

Alilisema hilo kwa sauti ndogo. Katika nyumba ile ambayo kila ukuta ulinuka, kitu kimoja tu hakikunuka.

"Mtu akiingia nayo ikiwa bado ndani?"

"Anavuta pumzi mbili, anadhani ni hewa. Hawezi hata kuita." Alipangusa pua. "Inatakiwa tundu libaki wazi siku nzima kabla ya kuosha. Siku ile Mkurugenzi alisema oda inasubiri. Mwembamba ndiye aliyekuwa anapita kwenye tundu. Mimi nilikuwa nimeshaondoka, sajini. Asubuhi nikakuta tangi limeoshwa nusu. Nikasikia kwamba mumewe amemuua. Nikaamini."

"Uliamini, au ulipenda kuamini?"

Sindano alitoka kabla hajajibu.

Mkurugenzi alikuwa kwenye chumba cha kujazia, akiwaambia wanawake warudi kazini. Sindano alitoa kofia ya nailoni kwenye pochi, akaiweka mezani mbele ya watu wote.

"Hii imetoka kichwani kwa Mwembamba. Ilikuwa chini ya mtandio. Umesema kila anayetoka anaitupa pale kwenye pipa."

"Labda aliiba."

"Nyumba nzima ya marashi, aje aibe kofia ya nailoni?" alisema Mama Pacha.

"Hakupita kwenye pipa lile," Sindano alisema, "kwa sababu hakutoka kwa miguu yake. Waliomtoa walikuwa wanaume. Mwanamke yeyote wa chumba hiki angemvua kofia kwanza ndipo amfunge mtandio. Mikono yake ingefanya yenyewe. Ninyi mlifunga juu kwa juu. Polisi wakaiona wakaandika kofia ya kuogea."

Simu yake iliita. Ilikuwa daktari. Alisikiliza, akasema ahsante. Kisha akampigia mkuu wa kituo na kuyarudia kwa sauti, ili chumba kisikie: chini ya alama hakuna damu. Ni ngozi iliyobadilika rangi tu. Hakuna aliyemkaba.

Sauti ya mkuu ilitoka kwenye simu, ndogo na yenye uchovu. "Vizuri. Na rangi ilitoka wapi? Faili limeshaondoka, Sindano. Gauni na kofia wakili atavicheka. Nahitaji mtu wa kuapa kwamba alama hizi zinatoka humo ndani. Bila shahidi, mume anasimama kesho na anarudi rumande, na atakaa huko mpaka mvi."

Mkurugenzi aliyasikia hayo. Akatabasamu tena, kidogo, akawageukia wanawake.

"Haya, shahidi ni nani?" aliuliza kwa upole. "Nani ataapa mbele ya hakimu kwamba amekuwa akitoka na marashi ya kampuni shingoni? Aseme jina lake sasa, nijue barua ya kufukuzwa naandika ya nani, na kesi ya wizi naifungua dhidi ya nani."

Macho yote yakashuka mezani. Vichupa vikaanza tena kugongana. Mmoja alikaza kifuniko kilichokuwa kimeshakazwa. Mwingine alitazama dirishani, kwa namna ambayo wewe msomaji unaijua vizuri.

Sindano hakuwa na kitu cha kuwaahidi, na hakuwadanganya.

Yule mjane ndiye aliyeinuka. Siyo Mama Pacha mwenye maneno. Mjane, yule aliyesema mume wangu. Alivua kofia kwanza, akaitupa kwenye pipa. Kisha akafungua mtandio wa zambarau, akaukunja mara mbili kama mtu anayerudisha kitu cha kuazima, akauweka mikononi mwa Mkurugenzi.

"Marehemu mume wangu hakuwahi kuninyanyulia mkono," alisema. "Nimemsingizia leo mbele za watu. Huyo mume mwingine, wa mahabusu, simsingizii."

Mama Pacha alifuta machozi kwa mkono uliolowa marashi, akalaani kwa jinsi yalivyomchoma, akavua wa kwake.

Wawili. Wengine walibaki wameinama. Sindano aliwatangulia hao wawili kulipita pipa, wakapita getini ambako hakuna aliyethubutu kuwapekua, na Mkurugenzi akafuata katikati ya askari dereva aliyemleta Sindano na mchanganyaji wa marashi. Jua lilikuwa juu. Mjane alijifunika shingo kwa kiganja, mkono wake mwenyewe, na vidole vikakaa juu ya alama, kila kimoja mahali pake.

Kituoni yule mama alikuwa bado kwenye benchi na chupa yake. Aliwaona wanawake wawili wenye shingo wazi. Aliangalia moja, akaangalia ya pili, akasimama. Alikwenda mpaka kwenye mlango wa mahabusu, akashika nondo, akaita, "Mkwe wangu." Ndani hakuna aliyejibu, na mama hakuondoka pale.

*

Kesho asubuhi mlango wa mahakama utafunguliwa, na hauna kiingilio. Wanawake wawili watapanda kizimbani kujiita wezi ili mtu asiyeua asifungwe, na mbele yao atakaa wakili aliyelipwa na kiwanda. Wataangalia mabenchi nyuma yao kuona kama kuna mtu. Kuna mtu? Nenda. Kaa mbele. Ukiwa na chupa ya Malkia wa Bustani nyumbani, ibebe mfukoni, uiweke mezani kwa karani useme nawe umeungua. Na leo hii, kabla hujafunga ukurasa huu, mgeukie huyo aliye karibu nawe, aliyejifunga mtandio shingoni katika jua hili. Usidhani. Usihurumie. Muulize ni nini, na usiondoke mpaka akujibu.